Siku Kariakoo Iliponipa Mgongo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo, nimekaa zangu napepeta mchele, mkono husimama wenyewe. Nakumbuka nilivyotoka Magomeni asubuhi nimejitanda kanga mpya, nakwenda Kariakoo kununua deki ya DVD, kifua mbele kama mtu anayejua anachokifanya. Na kweli nilijua, ndiyo maana inaniuma. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi siku hiyo niliyaona yote mawili, tena mchana kweupe.

Usinicheke kwanza. Wewe umezaliwa vitu vimejaa. Sisi tulikua tukipanga foleni ya sabuni, televisheni tukisikia tu kwamba ipo Unguja. Kisha biashara ikafunguliwa, tukaambiwa ruksa, makontena yakamiminika bandarini, na Kariakoo ikafurika pasi, feni na redio zenye majina ambayo hata aliyeyabandika sidhani kama aliweza kuyatamka. Deki za kanda ndiyo kwanza tumezizoea, mara zikaja za CD. Kila nyumba ikataka yake, na kila harusi ikataka kamera.

Shangazi yangu Mwanaidi, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa kungwi. Mabinti wa mtaani kwetu waliokuwa wakiolewa, wengi walipita mikononi mwake. Aliwafunda mambo ya nyumba na ya mume kwa ngoma na nyimbo, chumbani, wanawake watupu, mlango umefungwa. Familia zilimwita yeye na si mwingine kwa sababu lililofanyika mbele ya Mwanaidi halikutoka nje. Hakuwa na mali wala cheo, mwanangu. Alikuwa na jina hilo tu, na ndilo lililotulisha.

Basi ikafika zamu ya Rukia, binti wa jirani yetu, mtu mzima mwenye kazi yake ya uuguzi. Wiki ya shughuli, mama yake akateleza uani akavunjika mguu, akalazwa hospitalini kule Upanga. Fikiria, mama ana binti mmoja tu, na siku binti anachezwa ngoma ya kufundwa yeye yuko kitandani, mguu umening'inizwa juu! Alilia yule mama mpaka wagonjwa wenzake wakaanza kumsaidia kulia. Mimi, kiherehere wa Magomeni, ndiye niliyetoa wazo. Tumtafute mwanamke mwenye kamera, tupige video, mgonjwa akirudi nyumbani tumwonyeshe.

Shangazi alikataa. "Ya ndani hayapigwi picha, Zuhura," aliniambia. "Picha ina miguu."

Nilimbembeleza, nikamletea na machozi ya Mama Rukia, mpaka akalegea. Lakini alitoa sharti. Itazamwe mara moja tu, na wanawake tu, kisha aivunje kwa mkono wake mwenyewe.

Tukapata CD mbili. Moja ilikuwa ya ukumbini, ya keki na magauni, ambayo hata baba mkwe angeitazama huku anakunywa chai. Nyingine ilikuwa ile ya ndani. Shangazi alikataza kuandika chochote juu ya hata moja, asije mtu akajua ya ndani ni ipi. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, na ile ya ukumbini akaitia kwenye bahasha ya kaki. Mimi sasa, na ushamba wangu, siku moja nilizitoa zote mbili nikawa najitazama uso, maana ziling'aa kuliko kioo chetu cha chumbani. Nikageuka huku, nikageuka kule, nikajiona mzuri, nikazirudisha. Nilizirudishaje, sikujua, wala sikujiuliza.

Mama Rukia aliporudi nyumbani na plasta yake, wanawake tuliochangiana wakanituma mimi nikanunue deki. Na elimu ya kununua deki nilikuwa nayo. Niliambiwa na waliokwisha kulizwa kwamba hizi za bei rahisi zinasoma vizuri CD za dukani, lakini ukiipelekea uliyochomewa mtaani inagoma. Ukirudi dukani unaonyeshwa kibao ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo nenda na CD yako, ijaribu palepale, usikubali kuonyeshwa kwa ya muuzaji. Ushauri mzuri kabisa, hata leo siukatai. Nikachukua ile ya bahasha ya kaki nikaenda zangu.

Duka lilikuwa Mtaa wa Msimbazi, la mzee mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mzee Kanji, mzaliwa wa palepale Kariakoo. Mlangoni alikuwa ameweka televisheni kubwa imetazama barabarani, na spika mbili za kuita wateja. Kutwa nzima pale kulikuwa na wanaume wamesimama wakiangalia bure. Walikuwapo makuli, wauza kahawa, na wamachinga wenye soksi mabegani.

"Shikamoo, Mzee Kanji."

"Marahaba, dada. Leo nikupe nini?"

"Deki ya DVD. Ya bei ya chini kabisa."

Akanitolea tatu. "Chukua hii ya kati," akasema. "Hiyo ya chini sikatai kukuuzia, lakini sahani yake ya CD inakwama, na rimoti yake ina kiburi."

Mimi nikaona ananivuta kwenye ghali. Wenye maduka tunawajua! Nikamwambia, "Nipe hiyohiyo. Na tuijaribu kwa CD yangu."

"Sawa. Ngoja niiunge kwenye televisheni ndogo kule ndani. Hii ya nje ina watu."

"Iunge hapahapa kwenye kubwa," nikasema, "nione rangi vizuri."

Mwanangu, maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu hiki, na hakuna aliyenilazimisha.

Akaunga waya, nyekundu, nyeupe na njano. CD ikaingia. Kioo kikawa cheusi, mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kulalamika. Mara spika zote mbili zikatoa sauti ya Shangazi yangu, kubwa, safi, ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Fungeni mlango! Asiingie mwanamume!"

Damu ilinikauka. Nakuapia, nilisikia baridi kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, na jua la Dar es Salaam limesimama kichwani. Pale kwenye kioo alitokea Shangazi Mwanaidi, kanga ameifunga kiunoni, ngoma inaanza, na wanawake wa mtaa wetu mmojammoja wanaingia uwanjani. Nilimwona Rukia. Nilimwona jirani yetu wa nyuma, ambaye hata sokoni haendi bila baibui. Na mimi mwenyewe nilikuwamo, tena nimepamba moto.

"Oya, cheki hii!" mmoja akapiga kelele. "Duh! Sista, leo umetuletea!"

Wakasogea. Waliokuwa wanapita wakasimama. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, hakikusikia. Nikabonyeza cha kutoa CD, sahani ikagugumia ndani kwa ndani, ikakataa. Mzee Kanji akabonyeza rimoti, naye uso umembadilika, rimoti ikafanya kiburi chake alichonitajia. Sauti akafanikiwa kuipunguza, lakini picha iliendelea. Akapiga magoti nyuma ya lundo la maboksi akitafuta waya wa umeme ulikochomekwa. Mimi nikavua kanga niliyojitanda nikaitupa juu ya kioo, ikateleza ikaanguka. Nikasimama mbele ya televisheni nimetanua mikono, kichwa wazi. Televisheni yenyewe ilikuwa pana kunishinda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikasikia mtu ananguruma.

"Geukeni!"

Alikuwa mzee mwenye mkokoteni, kifua wazi, ametoka kupakua magunia. Kwa lafudhi nilijua ni mtu wa Kusini, kule ambako mambo ya jando na unyago hayafanyiwi mchezo. Yeye alikuwa ameshageuka, ametupa mgongo, anawatazama wenzake usoni.

"Nimesema geukeni! Hayo ni ya akina mama! Nyie mmeingia jando gani msiofundishwa hilo? Hamna mama nyie?"

Mwanangu, sijawahi kuona jambo kama lile, na sidhani kama nitaliona tena. Kuli wa kwanza akageuka. Muuza kahawa akageuka na birika lake. Yule aliyeniita sista akasonya, akatazama chini, naye akageuka. Kijana mmoja tu aliendelea kuchungulia, mzee akamshika bega akamgeuza kama anavyogeuzwa mtoto wa kuogeshwa. Ukingo mzima wa barabara ukawa ni migongo. Migongo ya jasho, mashati yaliyochanika, soksi zinaning'inia mabegani, na hakuna aliyecheka. Kama aibu ilinishtua, basi stahi ile ilinishtua zaidi. Nikaanza kulia kwa sauti.

Mzee Kanji akachomoa waya, kioo kikazima.

CD ikabaki tumboni mwa mashine. "Niachie," akaniambia kwa upole. "Fundi ataifungua jioni. Chukua hii ya kati kwa bei ya hiyo."

Fundi! Mwanamume mwingine tena! Nikakataa. Nikainunua ileile mbovu, nikaitia kwenye boksi, nikaipakata kifuani na kuvuka Jangwani kwa miguu mpaka Magomeni. Yule mzee wa mkokoteni nilimtafuta nimshukuru, nikakuta ameshaondoka na mzigo wake.

Nyumbani wanawake walikuwa wameshajaa chumbani kwa Mama Rukia, wanasubiri. Nikamwita Shangazi jikoni, nikamweleza yote bila kuficha, maana habari za Kariakoo hazihitaji mguu wa mtu kufika Magomeni. Alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi, mikono kichwani. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja tu.

"Waligeuka?"

"Waligeuka, Shangazi."

Akashusha mikono. Kisha akasema, "Basi wanaume wa barabarani, wasionijua hata jina, wamenisitiri. Na wewe niliyekulea umenianika."

Nimeshafiwa, nimeshaumwa, nimeshaachika. Hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Alichukua kisu cha jikoni akaifungua ile deki palepale sakafuni, akaitoa CD, akaivunja vipande akaitia motoni. Nikamuuliza Shangazi, sasa Mama Rukia ataona nini, masikini, na amesubiri muda wote ule. Akaniangalia kama ananishangaa.

"Kwani mimi nimekufa?"

Akaingia chumbani akawaambia wanawake wafunge kanga. Ngoma ikaletwa. Rukia akaketishwa miguuni pa mama yake, na mambo yote yakaanza upya, kuzunguka kile kitanda. Mimi nikainuka niingie. Shangazi akaniwekea mkono kifuani.

"Wewe kaa nje," akasema. "Linda mlango."

Nikakaa kizingitini, na ganda la deki mapajani, nasikiliza. Nilimsikia Mama Rukia akicheka na kulia kwa pamoja. Sikuona kitu. Na baada ya hapo familia mbili zilizokuwa zimeshampa Shangazi ahadi zikatafuta kungwi mwingine. Hakulalamika, lakini nilimwona alivyokuwa akikaa barazani jioni za Ijumaa bila wa kumwita. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata ukiyalilia.

Sasa nisikilize. Ukienda kununua chombo, fungua na funga sahani yake mara kadhaa kabla hujatia chako ndani. Jaribu rimoti. Jaribu kuizima kabla ya kujaribu kuiwasha, maana kuwaka kila kitu kinawaka. Muuzaji akikuambia ubaya wa mali yake mwenyewe, mwamini, hana faida nao. Na cha kujaribia kiwe ni kile ambacho hata kikionwa na mji mzima hakuna atakayeinamisha kichwa.

Hayo ni ya deki, na deki zenyewe zimeshapitwa. Siku hizi mnatembea nazo mfukoni, na kila mmoja wenu ni mpiga picha. Kabla hujabonyeza, kumbuka kwamba aliyemo humo ana jina lake, na jina hilo si lako la kugawa. Alikuruhusu umwone wewe, hakuuruhusu mtaa. Na wewe unayeletewa ya watu usiyopaswa kuyaona, usisingizie kwamba hukuyaanzisha. Shingo unayo. Geuka.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie mlango unaofungika na mkono usio na kiherehere. Na siku ukiteleza, maana utateleza, akukutanishe na migongo kama ile niliyoiona Msimbazi.