Kiwiko Mazikoni

Hili naona haya hata kulisimulia, na nawasimulia kwa sababu mwajua mimi si mtu mbaya, ni mtu wa kujaribu kila kitu tu. Shule niliiacha mapema, nikajifunza kushona viatu, kupiga udi, kutembeza wageni pale Ngome ya Yesu (nusu ya niliyowaeleza nilitunga mwenyewe), na miaka ile ya tisini, baada ya vibaka kunivua saa, nikaingia darasa la karate kule mtaa wa Buxton. Mwalimu wetu alikuwa na somo moja alilolipenda: "Ukishikwa kutoka nyuma, usifikiri. Kiwiko!" Basi tukawa twaviziana wenyewe kwa wenyewe, mpaka nikawa naota viwiko usingizini.

Akafa Mzee Seif wa mtaa wa Kuze, fundi wa kofia, aliyekuwa akiniita kibarazani kwake kunywa kahawa hata pale wenzake waliponiona mzururaji. Nikasema lazima nimbebe. Mwajua mazishi yetu, jeneza halikai bega moja, watu wenda mbio mbio na kila mtu ataka thawabu, anayetaka zamu hukujia kwa nyuma, akakusukuma, akapenyeza bega lake. Nayajua hayo tangu utotoni. Kiwiko changu hakikuyajua.

Nikasukumwa. Nikapiga.

"Ya Rabi! Ampiga Nassor!"

Nassor, mwanawe wa pekee, aliyeishi Maskati miaka na miaka, ndiyo kwanza atoka uwanja wa ndege, atukuta kichochoroni, hata mkoba hajautua. Damu ikamwagikia kanzu. Jeneza likayumba, wazee wakalidaka.

"We mwendawazimu, hapa ni mazikoni ama ulingoni?" mjomba wake akanifokea.

Pua ile ilikataa kukauka. Kaburini, mwana ndiye alikuwa ashuke kumpokea babake, lakini kwa damu ile hawakumruhusu, akashuka mjomba, na Nassor akabaki kwenye ukuta wa makaburi, kichwa juu, kitambaa puani, asione hata mchanga ukimwagwa.

Matangani nikaenda kumtaka radhi, nikingoja matusi. Akanikalisha karibu yake.

"Wewe ulimbeba tangu nyumbani?"

"Ndiyo, kaka."

"Hebu n'ambie. Alikuwa mzito?"

"Mwepesi," nikasema. "Mwepesi sana."

Akainama akalia, na mimi mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Buxton sikurudi tena. Siku hizi nikienda kuzika hutembea mwisho kabisa, ambako hakuna mtu nyuma yangu.