Udongo wa Kiwanja cha Fulgensio

Nyaruot aliijua sauti ile kabla hajainua macho kutoka kwenye mizani. Mzee Fulgensio alikuwa mlangoni mwa maabara, pale Juba, na mfuko wa udongo.

"Binti, hii udongo ya kiwanja yangu ya Hai Mauna. Shirika inataka kununua, akina mama walime mboga. Nataka karatasi ya kusema iko safi."

Mzee hakumtambua; mara ya mwisho alimwona akiwa bado mwanafunzi wa shule. Miaka sita nyuma, mzee huyo alikuwa akipasua betri kuukuu za magari na kumwaga asidi kando ya bustani aliyokodi Nyachangkuoth, mama yake Nyaruot. Mboga zikakauka, wateja wakaumwa matumbo. Mama alipolalamika, Fulgensio akatangaza mbele ya majirani kwamba mwanamke yule humwagilia mboga maji ya choo. Hakuna aliyenunua kwake tena. Aliposhindwa kulipa kodi akafukuzwa, na Fulgensio akainunua bustani, ndiyo kiwanja hicho cha Hai Mauna. Nyaruot alikuwa Eldoret akisomea kazi ya maabara. Aliyasikia kwa simu, mama akilia, na kinyongo hakikumtoka.

"Karibu, Mzee. Rudi Ijumaa," alisema kwa upole.

Alipoumwaga udongo kwenye sinia akacheka peke yake. Ulikuwa mchanga wa mtoni, wakati bustani ya mama ilikuwa na udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Mzee ameleta udongo wa kwingine!

Angeweza kuandika namba yoyote, na kwa muda aliitamani. Lakini namba ya uongo Fulgensio angeipinga kwa kupima pengine. Nyaruot alitaka kitu ambacho mtu huyo hangeweza kukikimbia. Akamweleza mkuu wake, Milly, Mganda asiyependa mchezo kazini, kila kitu bila kuficha.

"Wewe iko na hasira sana," Milly alisema. "Basi wewe chimba. Kupima, mimi."

Milly aliwapigia simu watu wa shirika, nao wakamtuma mtu wao asimamie. Nyaruot alichimba sehemu kumi na tano za kiwanja chenyewe, akachanganya udongo kwenye ndoo, akauanika na kuuchekecha. Milly akapima gramu moja, akaichemsha kwa asidi kali, akachuja, akaipitisha kwenye mashine inayosoma metali kwa mwali wa moto. Akarudia mara tatu. Madini ya risasi, sumu ya betri, yalikuwa mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa kwenye shamba la mboga.

Ijumaa, mbele ya mtu wa shirika, Fulgensio alionyeshwa matokeo, akapaza sauti. "Huyu msichana ananionea!"

"Nimepima mimi," Milly akasema.

Nyaruot akamsogelea. "Mzee, mimi ni mtoto wa Nyachangkuoth. Yule wa maji ya choo."

Mzee akanong'ona, "Malesh, samahani, binti. Ni mambo ya zamani."

"Usiniambie mimi. Kawaambie majirani, mama akisikia."

Jumamosi mzee aliwaambia, kofia mkononi, kwamba ilikuwa asidi yake. Kiwanja hakikuuzwa. Njiani kurudi, mama alimshika Nyaruot mkono.

"Imetosha, mwanangu."

Kwa Nyaruot haikutosha. Alikuwa amesikia kwamba betri sasa zinapasuliwa Mangateen, nyuma ya kambi ya wakimbizi wa ndani. Jumatatu asubuhi, kwa ruhusa ya Milly, alifunga jembe na ndoo kwenye bodaboda ili akachimbe udongo wa huko, akamwambia dereva aongeze mwendo.