Kitambaa Mkononi mwa Mfiwa

Nikisikia harufu ya sabuni ya vyombo ya ndimu ikichanganyika na vumbi lililoloa, narudi moja kwa moja kwenye sebule yetu ya Guildford, huku ughaibuni, majira ya baridi ya mwaka ule wa pili wa korona, tulipofungiwa ndani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Dirisha kubwa la mbele lilikuwa na mapazia ya vibao, yale ya plastiki iliyochorwa mistari ili uidhanie mbao, nasi tuliyaita blainzi kama kila mtu. Yalikuwa meupe tulipohamia, kabla ya vumbi la barabara na mafuta ya dagaa kuyabadilisha rangi. Kuyasafisha ilikuwa adhabu. Unafunga vibao vilale upande mmoja, unachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, unafuta kibao kimoja kimoja kuanzia juu, unakausha, kisha unavigeuza na kuanza upya. Ukimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshaanza kushika vumbi. Baba alikuwa akisema aliyebuni kitu kile alikuwa na watoto wengi mno na hakujua awatume wapi.

Asubuhi moja simu ililia kutoka kwetu Uvira. Bibi, mama yake Mama, amefariki. Baba alikuwa ameshaondoka na lori kwenda kubeba makontena bandarini Port Botany, kwa hiyo tulikuwa wawili tu nyumbani. Nilitegemea Mama apige kelele. Aliweka simu juu ya friji, akajaza beseni maji, akatafuta kitambaa. Alisogeza makochi ukutani, akatandika godoro chini kama inavyofanywa kwetu msiba ukiingia, halafu badala ya kulikalia akapanda kwenye stuli na kuanza kufuta vibao.

"Watu watakuja," aliniambia bila kugeuka. "Watakuta nyumba iko hivi?"

"Mum, nobody's allowed to come," nikamjibu.

Kiswahili nilikielewa chote, lakini mdomo wangu ulizoea Kiingereza, na kwa Kiingereza sikuwa na neno la kumpa mtu aliyefiwa na mama yake. Alizijua sheria kuliko mimi. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia nyumba ya mtu, na helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa yetu. Alifuta kibao, akakikausha, akashika kingine, na vilivyokwisha kutakata akavirudia. Chozi halikumtoka hata moja. Nilisimama nyuma yake nikishika stuli isiyumbe, nikitamani mtu mzima yeyote aingie aseme linalotakiwa kusemwa. Niliogopa sana.

Aliyetupata kwanza kwa simu ya video ni Mama Neema wa Doonside, mtaa mwingine wa jiji letu, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi. Mwaka mwingine angekuwa ameshapanda treni na sufuria zake. Niliinua simu ili amwone Mama. Mama Neema hakutoa pole. Aliniuliza kile kitambaa kinafanya nini mkononi mwa mama yangu.

"Mufiwa hafanyake kazi," alisema. "Umunyang'anye, mtoto wangu. Mimi siko hapo, weye ndiye uko."

Ndipo nilipoelewa Mama alikuwa akingoja nini. Kwetu msiba ukiingia, wanawake huvamia nyumba. Wanamtoa mfiwa jikoni, wanampokonya ufagio, wanaosha kila kitu wao, na yeye kazi yake ni kukaa chini na kulia. Hawezi kuuweka ufagio chini mwenyewe, lazima apokonywe. Mama alikuwa ameshika kitambaa tangu asubuhi, na mikono ya kumpokonya haikuwepo.

Nikanyoosha mkono nikavuta. Akavuta upande wake. Nikavuta tena, naye akaachia. Akashuka, akakaa kwenye godoro, na sauti iliyomtoka sijapata kuisikia tena. Mama Neema alilia naye ndani ya simu niliyoiegemeza ukutani, sauti ikikatikakatika. Mimi sikujua pa kuweka mikono yangu, kwa hiyo nikapanda kwenye stuli nikaendelea na vibao. Kimoja nilikikandamiza mno kikavunjika. Hakuna aliyegeuka.

Sheria zilipolegezwa, kina mama wa kanisa walikuja kweli, viatu vikajaa mlangoni hadi kwenye majani. Mama aliwachemshia chai na kuwahudumia mwenyewe. Walitafuta ufagio au kitambaa cha kumpokonya wasikione, maana nyumba ilikuwa inang'aa. Waliomba, wakaimba, wakanywa chai, wakaondoka. Waliokuja kulia naye walikuta ameshalia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa mimi ni mtu mzima. Wageni hawakatiki nyumbani, na ukitaka kwenda Doonside unapanda treni bila kuulizwa na mtu. Pengo la kibao kile halijazibwa. Jua la alasiri hupitia hapo na kuangukia sakafuni, palipokuwa na godoro. Kila majira ya baridi inafika siku ambayo Mama haitangazi, nikirudi kutoka kazini namkuta juu ya stuli, maji ya beseni yameshapoa. Nimejifunza maneno yote ya kumpa pole, kwa Kiswahili kizuri tu, lakini nikifika pale yananikaukia mdomoni. Nashika kitambaa, navuta. Anavuta kidogo upande wake, kisha anaachia, anakaa chini.