Turubai la Bibi Mize

Nianze kwa kukiri kwamba wapo watu Gando ambao mpaka leo wakiniona wanageuza uso, na wana haki, maana si jambo dogo mtu kuacha chakula chake cha Ijumaa kinapoa, akajitanda kanga, akabeba mchele na nazi, akatembea juani huku analia, halafu akifika akute kilichomliza ni mimi na laptopu ya kuazima. Nimechekwa, nimetaniwa, nimetiwa mpaka kwenye khutba (Shehe hakunitaja jina, alisema tu "msichana mmoja wa hapa hapa kwetu", na msikiti mzima ukajua). Lakini nawaambia wenzangu, kila nikiikumbuka siku ile huanza kwa kuona haya na kumaliza kifua kimenivimba.

Bibi yangu anaitwa Bibi Mize. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, binti yake wa pekee, alipofariki nami hata kutambaa sijaanza, na amenilea kwa muhogo, kwa ng'ombe wake wawili na kwa maneno makali. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne, si mama, si Mjomba Hamadi aliye Unguja, hakuna. Kwa hiyo nilipoingia kidato cha sita, mimi na wenzangu wawili, Khadija na Salum, tulikaa chini siku ya kwanza kabisa tukaupanga mwaka mzima, lini tunamaliza mada za kemia, lini tunarudia mitihani ya nyuma, nani anaomba nini chuoni. Khadija ualimu wa hesabu, Salum uhandisi, na mimi udaktari wa mifugo. (Chekeni tu, hata wao walicheka, ati Zule anakwenda chuo kikuu kusomea ng'ombe. Lakini wao hawakuwapo siku ng'ombe wetu Sikitu alipofia kwenye kuzaa, tumemzunguka wote, watu wazima na akili zao, na hakuna aliyejua pa kumshika.)

Basi matokeo yakatoka na nimefaulu, tena vizuri, nasema bila aibu. Kazi ikabaki ni kuomba chuo, na kuomba chuo siku hizi ni mtandaoni, na mtandao kwetu unakuja unapotaka wenyewe. Wiki nzima ya maombi mimi nilikuwa hospitali Wete namuuguza Bibi, presha imempanda, kijiji kizima kinajua, kila jioni watu wanapishana kuja kumtazama. Alhamisi wakamruhusu kurudi, wakamwambia apumzike. Ijumaa dirisha la maombi linafungwa.

Ijumaa hiyo mchana Khadija akaja, na Salum naye akaja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu na kofia yake, laptopu ya kaka yake kaikumbatia kama mtoto mchanga. Bibi alikuwa kalala ndani. Nasema "alikuwa" kwa sababu nusu saa baadaye nilimsikia anafungua mlango wa uani, nikamwita, akanijibu, "Nakwenda watazama ng'ombe, mie si mayiti wa kulala mchana," na akaenda zake shamba kwa njia ya nyuma bila mtu mwingine kumwona. Muyashike vizuri maneno yake hayo.

Sasa nyumbani kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, mbele ya nyumba, katikati ya uwanja, na pale jua linapiga mpaka kioo cha laptopu huoni kitu isipokuwa pua yako mwenyewe. Hapo ndipo nilipotoa shauri langu, na mpaka leo Khadija ananikumbusha kwamba shauri lilikuwa langu. Nikasema stoo kuna turubai la Bibi la kufunikia karafuu, tulitundike. Tukalifunga pembe mbili kwenye paa na mbili kwenye miti, tukatandika majamvi chini yake, tukakaa kivulini kama mabwana. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kioo cha laptopu, hata haikunipitia kwamba Gando nzima, na Pemba nzima kwa jumla, turubai likitundikwa mbele ya nyumba ghafla, bila harusi iliyotangazwa, maana yake ni moja tu.

Tukaanza na Khadija. Mfumo ukamkataa, akajaribu tena, ukamkataa tena, ukamwambia taarifa zake hazipo, na Khadija ni mtu wa kulia, akajiinamia kwenye jamvi akaangua kilio cha haja. Salum kainamisha kichwa kwenye laptopu, kanzu nyeupe. Mimi nimejifunika kanga gubigubi nione kioo cha simu, maana intaneti tulikuwa tunaivuta kwenye simu yangu. Na ndipo alipopita jirani yetu Bi Hadia, anatoka dukani.

Akasimama. Akaliangalia turubai, akamwangalia Khadija, akaniangalia mimi. "Zule, mwanangu," akaniita kwa sauti ya chini, "kuna n'ni hapo?"

Wakati huo Salum alikuwa ameshahamia kwenye maombi yangu, na picha yangu ndiyo kwanza inapanda kwenye mfumo, imefika nusu, nimenyoosha simu juu kwa mkono mmoja na hata kupumua sitaki. Nikamwekea kidole mdomoni kumwomba anyamaze, na nikatikisa kichwa, yaani si sasa, Bi Hadia, nitakueleza. Yeye akashika kichwa kwa mikono miwili, akageuka na kuondoka mbio mbio. Nikajiambia leo nimemuudhi, kesho nitakwenda kumtaka radhi.

Haikupita muda wakaja wazee wawili kutoka msikitini. Wakasalimu kwa upole, wakavua viatu, wakakaa kwenye jamvi, kimya. Mnajua adabu zetu, mtu akifika penye msiba hamsumbui mwenyeji kwa maswali, anakaa, anainamisha kichwa, atajua taratibu. Wakaja wengine watatu. Wakaja wanawake wamejitanda, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakapita ndani (mlango wa chumba cha Bibi, nilikuja kuambiwa, waliukuta umefungwa, na hakuna aliyethubutu kuufungua). Na mimi, Mungu anisamehe kwa kujiona kwangu, nilidhani wamekuja kwa ajili yetu! Nilidhani sifa zimeenea kwamba mjukuu wa Bibi Mize anaomba chuo kikuu, na watu wametoka msikitini kuja kututia moyo. Nikafurahi hasa. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikawaambia, "Ahsanteni sana kwa kuja. Mungu awalipe. Tunahitaji dua zenu."

Wazee wakaitikia "Amin". Mmoja akafuta machozi. (Nikasema moyoni, huyu naye anapenda elimu kiasi hiki.)

Wanawake wakatoa masufuria makubwa uani, nikasikia mtu anakuna nazi, nikamnong'oneza Khadija kwamba wanatupikia. Salum peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Yakhe Zule," akaniambia, "mbona kama wengi?" Nikamwambia abonyeze tu, maombi yangu yameshafika hatua ya mwisho, kimebaki kitufe cha kutuma.

Hapo hapo simu ikaita mkononi mwangu, intaneti ikakatika, ukurasa ukaganda. Alikuwa Mjomba Hamadi kutoka Unguja, analia mpaka maneno hayatoki. "Zule, mama kafa saa ngapi? Msimzike, nakuja! Nakuja na boti ya kesho!"

Nikamuuliza mama yupi. Na kabla hajajibu nikainua macho, nikaona vijana wanne wanaingia uwanjani na jeneza la msikiti, na nyuma yao Mzee Faki, jembe begani, ananijia kwa huruma kubwa. Akainama sikioni mwangu. "Mjukuu wangu, tuchimbe wapi? Ubavuni mwa babu yako?"

Wenzangu, hapo ndipo nilipoelewa. Nikapanda juu ya kiti nikapiga kelele, "Bibi mzima! Hakufa! Kaenda kutazama ng'ombe!"

Mngedhani watu watashukuru. Kilio ndiyo kwanza kilipanda! Bi Hadia akatoka ndani mbio akanikamata kiuno. "Maskini, mtoto majonzi yashampanda kichwani!" Wanawake wakaniteremsha, wakanilaza kwenye jamvi, mmoja ananimwagia maji usoni, mwingine ananipepea kwa kanga, ananiambia nivute subira, na kadiri ninavyoapa kwamba Bibi yu hai ndivyo wanavyozidi kunibana. Salum alijaribu kueleza, wakamwambia yeye ni kijana, aende akasaidie kuchimba. Na huku nyuma kila mwenye simu anapiga, huyu Wingwi, yule Chake, wengine mpaka Maskati, wanapeana habari ya msiba, na mtandao wa Gando, ambao siku ya kawaida unachechemea, ukafa kabisa. Dirisha linafungwa, kitufe hakijabonyezwa, mimi nimelazwa kama mgonjwa. Nililia, na sasa nikawa nalia kweli.

Basi ndipo Bibi alipotokea, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Hebu jitieni katika nafsi yake. Kaondoka nyumbani kaniacha mimi. Anarudi, anakuta turubai lake limetundikwa, watu wamejaa, wanawake wanalia, na jeneza liko mlangoni kwake. Hakuuliza mtu. Aliutupa mzigo chini akapiga ukelele ambao sitausahau. "Na huyu tena, ya Rabbi? Mamaake kisha na huyu tena?"

Uwanja mzima ukageuka. Wanawake walioniegemea wakaniachia wenyewe, nikanyanyuka nimelowa maji, nikakimbia. Bibi akanishika uso kwa viganja vyake viwili, akanipapasa mashavu, mabega, mikono, na mimi ninamwambia niko hapa, Bibi, niko hapa. Nilikuwa najua kwamba ananipenda, lakini ananipenda kwa kunigombeza, sikuwahi kuliona pendo lenyewe limesimama wazi vile mbele ya watu. Nikaona haya na nikafurahi kwa pamoja, sijui niwaelezeje.

Kisha akapumua, akageuka, akawatazama waombolezaji wake.

"Nani kafa?" akauliza.

Mzee Faki akaliteremsha jembe begani taratibu akalificha nyuma ya kanzu, ikawa kama kuficha mnazi.

"Bibi Mize," Bi Hadia akasema kwa sauti ndogo, "weye ndo uliyekufa."

Sasa mnamjua Bibi na maneno yake. Nilijikunja nikingojea mvua ya matusi. Lakini aliniuliza mimi kwanza, turubai hili la n'ni, nikamweleza huku nalia, kwamba chuo kinafungwa leo, kwamba jua, kwamba kioo, kwamba imebaki kubonyeza tu na mtandao haupo kwa sababu ya simu za watu, na kwamba nimeshachelewa, mwaka wote umepotea.

Akanyoosha mgongo. "Mmesikia nyote? Kila mwenye simu aizime. Mlonililia mie mzima, basi nikalieni kimya huyu nae apate chuo. Na hilo jeneza ligeuzeni lisinitazame."

Wallahi walizima. Niliwaona wazee wa Gando wanatoa simu mifukoni mwa kanzu, wanazibonyeza kwa kidole kimoja kimoja, wengine wanasaidiwa. Vijana wakalirudisha jeneza msikitini. Watu wote waliokuja kuzika wakakaa chini ya turubai lile wakimtazama Salum, aliyeshika laptopu kwa mikono miwili, na mimi nimesimama na simu yangu juu. Mtandao ukaja kidogo. Ukaondoka. Ukaja tena. Nikabonyeza, kiduara kikazunguka, kikazunguka, hakuna aliyekohoa, mpaka yakatokea maandishi ya kijani, maombi yamepokelewa. Salum akayasoma kwa sauti. Uwanja ukalipuka takbiri! Bi Hadia akapiga kigelegele, yeye mwenyewe aliyeuleta msiba. Tukamrudia Khadija, kumbe alikuwa anakosea tarakimu moja, naye yake yakapokelewa, kisha ya Salum, na kila mara takbiri na vigelegele upya. Wali ulikuwa umeshaiva, basi tukala, na Bibi mwenyewe akampigia Mjomba Hamadi kumwambia asipande boti, mama yake mzima. Shehe akasoma dua aliyokuja kumsomea Bibi, akaigeuza ikawa yetu, na Mzee Faki akaniomba nipite kwake kesho, ng'ombe wake hali vizuri tangu juzi. (Nikamwambia ndio kwanza nimeomba, sijasoma. Akasema haidhuru, uanze kumzoea.)

Na chuo nilipata, huko Bara, wote watatu tulipata. Wiki moja kabla ya kuondoka Bibi alitaka kusoma dua ya kuniaga, naye akapita nyumba kwa nyumba, kila mlango anasema, "Kesho mtaona turubai kwangu. Mie mzima. Mjukuu wangu enda chuo kikuu." Alilisema hilo la mwisho polepole, ili lisikike mpaka vyumba vya ndani. Mzee Faki alikuja na jembe vilevile, akasema hana hakika, heri awe nalo.

Mimi nimeapa kwamba katika maisha yangu sitatundika tena turubai bila ya kutangaza siku tatu kabla, hata jua liniunguze nibaki mkaa. Nilimwambia Bibi hivyo asubuhi nilipokuwa namuaga mlangoni, naye akanitazama kwa jicho lake lile.

"Umeshaniharibia," akasema. "Siku n'takapokufa kweli hakuji mtu. Watasema ni Zule, yuaomba chuo."

Nikamwambia basi asife.

"Sifi," akasema, huku ananifunga vizuri mtandio. "Nangojea joho."