Nusu ya Lorine

Damaris, ambaye soko zima la Oyugis humwita Nyar Takawiri kwa kuwa alizaliwa kisiwani huko, hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata jeneza la mumewe alilipunguza bei mpaka fundi akabaki anajikuna kisogo. Ploti iliyo nyuma ya steji aliinunua mwaka 1996 kwa faida ya kuuza omena, dagaa wa ziwani, akajenga chumba kimoja kimoja hadi vikafika sita. Viwili anaishi, vinne amepangisha.

Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na mbili, aliamua nusu ya nyumba iandikwe jina la binti yake, Lorine. Ndoa ya Lorine ilikuwa imevunjika huko Migori, naye Damaris alijua hesabu ya kwao: mama akifunga macho, binti aliyerudi kutoka kwa mume hana hata pa kuweka sufuria.

Dishon, kifungua mimba wake, alikuja kutoka Lambwe na ushauri.

"Mpe, Mama. Lakini binti aliyeolewa hapewi dala, boma la kwao. Wazee wa ukoo watanicheka mimi. Andika amenunua. Anayenunua hana maneno, hata awe mgeni."

Damaris akaona hiyo ni akili. Wakaandika karatasi kwamba Lorine amenunua nusu kwa shilingi elfu ishirini. Mzee wa mtaa akashuhudia na kunywa soda mbili.

Jumatatu Damaris akaipeleka kwa wakili Motari, ambaye aliisoma polepole.

"Mama, hizi elfu ishirini ulizipokea?"

"Wapi! Hiyo ni ya kufunga watu midomo."

"Basi umefungua mdomo wa KRA, watoza ushuru."

Akamweleza. Bei waliyoandika haina kazi. Mkadiriaji wa serikali atakuja kupima thamani mwenyewe, na nusu hiyo haitapungua milioni moja na laki nne. Wakiita mauzo, kuna ushuru wa faida, asilimia kumi na tano ya thamani iliyoongezeka, na vyumba vya wapangaji havina kinga inayopewa nyumba anayoishi mwenyewe. Wakiita zawadi ya mama kwa mtoto wake, ushuru huo haudaiwi. Utabaki ule wa stempu, kama elfu hamsini na sita.

"Elfu hamsini na sita kumpa mtoto wangu kitu changu?"

"Ndiyo, mama."

"Elfu thelathini."

"Hii si omena. Serikali haipunguzi."

"Sawa. Wewe je? Ada yako?"

Motari akacheka, akijua amenaswa. Akampunguzia elfu nane.

Damaris alimpigia Dishon simu akiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

"Ile karatasi yako ingenila zaidi ya laki moja. Nimeichana. Naandika nimempa."

"Na wazee wa ukoo?"

"Mzee anayeona aibu alete hiyo laki, niandike mauzo."

Dishon akauliza alichokuwa amekificha tangu mwanzo. "Na mimi, Mama?"

"Unadhani kwa nini nimetoa nusu? Wakili aliuliza kama tuishike pamoja, mmoja akifa mwenzake achukue yote. Nimekataa. Kila mtu na nusu yake. Yangu iko kwenye wosia, jina ni lako. Lakini usiharakishe."

"Hapana, Mama."

"Na hao wazee utawajibu wewe. Ni wako."

Damaris alikuwa ameshikilia magunia kumi ya omena akingoja bei ipande. Mkadiriaji alipomaliza kazi, akayauza yote asubuhi moja kwa bei iliyokuwepo, akalipa stempu bila kumwomba mtu.

Siku walipochukua hati yenye majina mawili katika ofisi ya ardhi Homa Bay, Lorine aliliangalia jina lake, machozi yakaanza kumdondoka. Mama yake akamnyang'anya karatasi.

"Lia pembeni, nyathina, mwanangu," akamwambia. "Hati isilowe."