Zabibu Alizokula Ng'ombe

Siku niliyomlisha ng'ombe Krismasi ya watu naikumbuka vizuri, mwanangu. Usicheke. Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne pale Kilema, nina bidii ya kuudhi, ile ya msichana anayetaka kusifiwa kazi yake kabla hajaijua nyumba.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, baada ya vita vya Kagera. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti, na siku nyingine hata hivyo viwili havipo. Ukisikia unga wa ngano umeletwa, unaacha maziwa jikoni yachemke yenyewe, unakimbia.

Baba mkwe alikuwa kitandani wiki ya tatu. Zamani alikuwa mpishi wa mapadri, na huko alijifunza kuoka mkate wa Krismasi wa zabibu na karanga, akaja kumfundisha mkewe. Tangu augue hakuomba chakula chochote. Hata uji aliuonja kwa kutuhurumia tu. Lakini wiki ile alisema anautamani ule mkate, na mama mkwe akatoka chumbani akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa siku nyingi.

Asubuhi mama alipokwenda kutafuta mayai, niliamua kumsafishia jiko. Nyuma ya gunia la mahindi nikakuta chungu kidogo kimefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mna vitu vyeusi, vimevimba, vinatoa povu, vinanuka mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikasema haya ni machicha ya pombe yaliyosahaulika, na kwetu Old Moshi machicha ni ya ng'ombe. Nikayamwaga kwenye hori, ng'ombe akalamba mpaka ubao ukang'aa. Chungu nikakisugua kwa majivu, nikakianika juani ili mama akirudi akione.

Alikiona. Aliweka mayai chini, moja moja, akaniuliza vilivyokuwemo viko wapi. Nilipomwambia, alikaa kwenye kigoda akajiziba mdomo kwa kanga. Zilikuwa zabibu. Alizipata kwa mama mmoja wa Kihindi mjini Moshi aliyekuwa mteja wake wa ndizi. Kila akishuka, anapewa kiganja kimoja. Alikuwa akizikusanya tangu masika, kisha akaziloweka kwenye mbege kama mumewe alivyomfundisha.

Nilingoja matusi, nikangoja kuambiwa nifunge mzigo wangu nirudi kwetu. Ng'ombe alikuwa anacheua pale pale, na nilimchukia kana kwamba kosa ni lake.

Mama akasimama, akaniambia nilete ndizi kavu na karanga. Tukaoka na hizo, sufuria juu ya mkaa na mkaa mwingine juu ya kifuniko. Mkate uliumuka, ukanukia. Nikambebea baba kipande chumbani, mama akanifuata.

Alitafuna muda mrefu, amefumba macho. Mpishi humdanganyi.

"Zabibu ziko wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme. Mama akaniwahi.

"Mwaka huu hazikupatikana, Baba Aloyce."

Mwanangu, sijawahi kushtuka vile. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipindisha neno, amemdanganya mume wake mgonjwa kwa ajili yangu mimi, mtoto wa watu wa miezi minne. Kofi lingeniuma kidogo kuliko hilo.

Baba alitikisa kichwa kukubali. "Basi, mwakani," akasema, akanirudishia sahani. Kipande kilikuwa kimebaki nusu.

Tulimzika kabla ya Kwaresima.

Kwa hiyo nakusihi, ukiingia nyumba ya watu, uliza kabla hujashika ufagio. Uliza hiki ni nini, ni cha nani, kimewekwa hapa kwa sababu gani. Utaonekana mshamba siku moja, basi. Usitupe kitu cha mwenzio kwa kuwa wewe hukijui. Na siku ukiwa mwenye nyumba, akaja mtu akakuharibia jambo kubwa namna ile, jua kwamba anakutazama usoni aone kama bado ana pa kulala. Mjibu hilo kwanza. Hasira utaitafutia wakati wake.

Mungu akujalie wagonjwa wako wapate wanachokitamani, mwanangu, na yule utakayemkosea awe na moyo wa mama yule.