Kiboko Mwenye Jina la Mama Mkwe

Jina ya mama mkwe wangu haijawahi kutoka kwa mdomo wangu, na hata hapa haitatoka. Kwetu magharibi, ukishaolewa, mama ya bwana yako humuiti jina. Unasema "mama" basi, imeisha. Kanisani kuna mwingine ana jina hiyo hiyo, na huyo mimi namuita "yule wa jina ya mama." Mwanzo alikuwa ananikasirikia, siku hizi anaitika.

Sasa fikiria vile nilisikia siku mjukuu wangu alitoka shule akipiga kelele kuanzia kwa geti, ati mtoto wa kiboko amepewa jina, na jina ni hiyo.

Ngoja nianze vizuri.

Hiyo bustani ya wanyama ya jiji, hapa Nairobi, ni ya zamani sana. Sisi huku chini ya Loresho tunasemanga tu "kwa wanyama." Marehemu mzee wangu alinipeleka huko nikiwa bibi mpya. Alikuwa anauza misumari kwa duka ya watu River Road, na Jumapili moja akavaa suruali yake ya harusi tukaenda. Haki nilimuhurumia simba. Alikuwa amefungiwa kwa simiti, anazunguka, anazunguka, halafu anakuangalia kama mtu ako seli anangoja ndugu zake walete dhamana. Nikamwambia mzee, twende, huyu ana shida zake. Tukakula mahindi ya kuchoma nje, tukarudi nyumbani, na sikutaka tena kusikia habari ya hapo.

Lakini siku hizi, wee! Wamebomoa ile simiti yote. Simba ana nyasi na mawe ya kuota jua. Nyani wana kamba na matairi za kuchezea, wanapigania tairi kama watoto wa ploti. Kuna nyumba ya kobe, mayai yanafukiwa kwa mchanga yenye joto, na wale watoto wakitoka ni wadogo kama kifuniko ya chupa, na tayari wana sura ya wazee. Na wamechimba bwawa kubwa ya viboko. Upande moja ni kioo, unasimama chini unamuona kiboko akitembea ndani ya maji polepole, kama mama mnene anaingia harusi akijua watu wanamuangalia. Waliletwa dume na jike. Tukangoja. Watu wakaanza kusema huyo jike hazai, unajua watu. Halafu akazaa! Wa kwanza kuzaliwa hapo. Hapa kwetu watu walifurahi kama ni sisi tumezaa.

Ndio watu wa bustani wakaambia watoto wa shule walete majina ya kushindanisha. Na huyu mjukuu wangu wa darasa la nne, bila kuuliza mtu, akaandika jina ya kukhu yake. Kukhu ni nyanya, kwa lugha yetu. Mimi ananiita shosho kama watoto wote wa Nairobi, lakini yule mama ya mzee wangu, mkubwa wetu sisi wote, yeye ndiye kukhu. Jina ikashinda. Mtoto akapewa kofia nyekundu, jina imeandikwa mbele kwa herufi kubwa nyeupe.

"Shosho, umeona? Ni kukhu!"

Nikatafuta stuli nikakaa. "Wewe, umeenda kumpatia kukhu yako kiboko?"

"Si ndio jina yake! Ticha alisema ni jina ya nguvu."

"Kiboko, mwanangu? Hukuona swara? Hukuona hata ndege?"

"Swara hawajazaa, shosho."



Shida ni kwamba mama mwenyewe alikuwa anakuja kutoka kijijini. Macho yake ilikuwa imeingia ukungu yote mawili, alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe, na tulikuwa tumepata daktari huko Upper Hill wa kumtengeneza jicho moja kwanza, halafu lingine. Ilikuwa imetuchukua muda mrefu kumshawishi. Na mama yetu, Mungu ambariki, anajua kukasirika. Hapigi kelele. Ananyamaza, anafunga leso yake, anaulizia stendi ya basi. Wakati moja alirudi nyumbani usiku kwa sababu mtu alimpatia chai kwa kikombe ya plastiki na mgeni akapewa ya udongo. Sasa huyu akisikia amefanywa kiboko? Na vile mdomo ya kiboko iko? Na vile mdomo ya mama iko? Nilijua ataona tumemchezea. Atafunga leso, na macho yatabaki na ukungu mpaka siku ya kuzikwa.

Nikaita watoto wote wa nyumba. "Mtu akitaja kiboko mbele ya kukhu, atakula ugali bila mboga mpaka Krismasi."

Mama akafika, mdogo, mwembamba, anashika ukuta akitembea. Na yule mjukuu na kofia yake! Alikuwa halali bila hiyo kofia. Mama anamshika kichwa, anapapasa ile maandishi na vidole, anasema, "Kofia nzuri. Imeandikwa nini?"

Mtoto ananiangalia mimi.

"Ni ya shule, mama," nikasema.

Jicho la kwanza likafanywa. Siku ya kutolewa bandeji alirudi akakaa kwa kiti yangu kama malkia, anashangaa kila kitu. "Kumbe ukuta yenu ni ya kijani! Kumbe wewe msichana umezeeka hivi!" Mimi niko na wajukuu, na bado ni msichana wake. Tukacheka. Ile kofia nilikuwa nimeificha chini ya gunia ya mahindi, lakini mtoto ni mtoto, aliitafuta akaipata, akaingia nayo kichwani kusalimia.

Mama akamuangalia. Yeye kusoma alifundishwa kidogo na watu wa kanisa, Bibilia na jina yake. Akamvuta karibu. Akaweka kidole kwa herufi ya kwanza, ya pili, anatembea pole pole. Akafika mwisho.

"Hii ni mimi," akasema.

Halafu mtoto akasema yote: kiboko, bwawa, mashindano, ticha, nguvu. Mama akasikiza mpaka mwisho. Akachukua leso yake akaanza kuikunja kwa magoti, na mimi nikasema moyoni, basi, jicho la pili limeenda.

"Wewe msichana," akaniambia. "Kesho nitafutie kuku. Mtetea, si jogoo. Na unipeleke nikaone huyo."

Nikajua kuku ni ya kubeba kwenda nayo nyumbani. Usiku sikulala vizuri.

Asubuhi tukaenda, mama, mtoto na kofia, mimi na kuku ndani ya kiondo. Pale kwa geti askari akasema nifungue kiondo. Kuku ikatoa kichwa ikamuangalia.

"Ai, mama! Hapa wanyama wako ndani tayari. Hawaletwi kutoka nyumbani."

"Hii si ya kuonyesha watu," mama akasema. "Kuna mtoto hapa amepewa jina yangu. Mtoto akipewa jina yako, unamletea kuku. Ama kwenu mnapelekanga nini?"

Hapo ndio nilielewa kuku ni ya nini, na nikatulia kidogo. Kidogo tu, kwa sababu bado alikuwa hajacheka.

"Kwetu pia ni kuku," askari akasema pole pole. "Lakini mama, kiboko anakula nyasi."

"Nimesema atamla? Ni yake. Atajua mwenyewe."

Wakabishana mpaka wakakubaliana kuku ikae kwa kibanda ya askari, ifungwe mguu kwa kiti, ingoje. Tukaingia.

Kwa bwawa kulikuwa kumejaa watoto wa shule, wote wanapiga kelele na jina ya mama. Hiyo jina, ambayo mimi naizunguka tangu niolewe, ilikuwa inarushwa pale kama mpira! Nilitaka kuziba masikio. Mama akasimama kwa kioo, akafunika ile jicho mbaya na mkono, akaangalia na nzuri. Mama kiboko alikuwa chini ya maji kama jiwe. Na mtoto wake, mviringo, anang'aa kama amepakwa mafuta, alikuwa amepanda mgongo ya mamake anateleza, anapanda tena, anateleza.

Dada mmoja wa viatu virefu vya mpira, zile gumbuti, yule anawatunza, akakuja. Mjukuu wangu akamwambia huyu ndiye mwenye jina. Yule dada akashika mama mikono yote miwili. "Karibu kwa mtoto wako, kukhu! Muite, huwa anasikia. Anageuza masikio."

Mama hakuita. Akanigeukia mimi.

"Muite wewe."

Weee. Watoto wote wakaniangalia. Dada ananiangalia. Mjukuu ananivuta nguo, "Shosho, ita! Ni rahisi!" Na mama na ile jicho yake mpya, ananiangalia kama anasoma kofia.

Nikafungua mdomo. Jina haikutoka. Si kwamba nilikataa, haikutoka tu, haijui njia. Nikainama kwa kioo nikasema vile mimi najua:

"Mama. Mama, njoo basi. Njoo watu wakuone."

Watoto wakacheka sana. "Shosho anaita kiboko mama!" Na yule mdogo akasimamisha masikio, akayazungusha, prrr, akamwaga maji.

Mama hakucheka mara moja. Akauliza mjukuu, "Hata nyumbani, huyu kiboko hivi ndio anamuitanga?"

"Ndio, kukhu. Sisi tukisema jina anatufukuza jikoni. Yeye anasema 'yule wa mama.'"

Hapo ndio mama alicheka. Alicheka akashika kioo, machozi ikaanza kutoka na mimi nikapiga kelele, "Jicho, mama, jicho! Daktari alikataza!" Akasema wacha itoke. Akanishika mkono. "Mimi nilidhani mmenifanya mchezo huku. Kumbe hata kwa mnyama umeniheshimu." Halafu akarudi kwa kioo akaangalia sana. "Na amenenepa. Mtoto mwenye jina yangu hawezi kuwa mwembamba. Mimi wembamba nilipewa na kazi."

Tukatoka jua ikielekea kushuka. Kwa geti askari anatungoja amesimama nje ya kibanda yake mwenyewe. "Mama, chukueni mgeni wenu. Ametaga kwa kiti yangu, sasa hataki nikae."

Yai ilikuwa hapo, ya moto bado.

Jicho la pili lilifanywa, na leso haikuulizia stendi. Alipoenda nyumbani aliniachia ile kuku na maneno makali. Nisiuze, nisichinje, si yangu. Nayo imekaa, imelalia mayai, imetotoa vifaranga, wako hapa wanachafua mlango wangu nikiongea. Juzi jirani akaniuliza kama namuuzia mmoja. Nikamwambia pole sana, hawa wana mwenyewe, na hayuko karibu, ako kwa maji.